Vijiti vya mndimu vinachipua kisha vinakauka: tatizo ni nini?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Kinyerezi, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga yenye kiuwanja kidogo. Jirani yangu ana mndimu wa zile ndimu kubwa zisizo na mbegu, na mchungwa mtamu sana. Ameniruhusu kukata vijiti. Nimejaribu mara kadhaa: natoa majani yote, nachomeka kwenye kiroba chenye udongo na samadi, namwagilia kila siku. Baada ya wiki mbili hivi vinachipua, nafurahi, halafu vinakauka vyote. Wengine wananiambia nisijisumbue, mti wa kijiti hauzai. Ni kweli? Na ninakosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hilo la kwamba hauzai si kweli, na nalitaja kwanza kwa sababu limewakatisha tamaa watu wengi. Kijiti kilichokatwa kwenye tawi linalozaa huwa mti unaozaa, tena mapema kuliko mche wa mbegu. Mche wa mbegu una utoto wake: unarefuka, unajaa miiba mirefu, na unaweza kukaa miaka mitano, minane au zaidi kabla haujaonyesha ua. Tawi la mti mzima limeshavuka utoto huo, na ukilitoa mizizi linabaki na utu uzima wake. Mndimu wa kijiti ukitunzwa vizuri kwenye chombo unaweza kuanza kukupa ndimu mwaka wa pili au wa tatu. Matunda yake yatakuwa yaleyale ya jirani, kwa ladha na kwa ganda.

Na kwa hizo ndimu zisizo na mbegu, huna njia ya mbegu hata ukitaka. Mbegu hazipo. Kila mti wa aina hiyo unaouona duniani umetokana na kijiti, tawi lililofungwa udongo au jicho lililobebeshwa kwenye shina jingine.

Sasa tuje kwenye vijiti vyako. Maelezo yako yananionyesha tatizo waziwazi: umevipanda kama mihogo. Kipande cha muhogo kina akiba kubwa ya chakula ndani yake, kinaweza kuchipua na kutoa mizizi bila jani hata moja. Mndimu hauna akiba hiyo. Kiasi kidogo cha wanga kilichomo kwenye kijiti kinatosha kusukuma macho yaliyokuwa tayari kufunguka, na hayo ndiyo machipukizi yaliyokufurahisha. Lakini chini hakuna kitu. Majani mapya ni laini, yanapoteza maji kwa kasi, na kijiti hakina mdomo wa kunywea. Siku mbili tatu za jua la Dar zinakimaliza. Kwa hiyo kuchipua si dalili kwamba kijiti kimeshika. Chimba kijiti kimoja kati ya vile vilivyokauka ukitazame chini: nina hakika utakuta ncha nyeusi iliyooza, au ncha kavu isiyo na alama yoyote ya mzizi.

Majani uliyoyatoa ndiyo yaliyokuwa yalishe kijiti wakati kikitafuta mizizi. Jani lililokomaa linatengeneza chakula, na machipukizi pamoja na majani hutuma chini homoni inayoamsha mizizi. Kijiti cha jamii ya michungwa kikibaki na majani mawili au matatu kina nafasi nzuri. Kikiyapukutisha yote katika wiki za mwanzo, hata kama gome bado ni la kijani, mara nyingi kimeshaondoka. Kazi yako yote basi ni kuyaweka majani hayo hai hadi mizizi itoke.

Kabla ya kukata chochote, nenda ukaukague mti wenyewe. Naomba hatua hii usiiruke. Magonjwa mabaya ya michungwa husafiri ndani ya vijiti na vikonyo, na ukichukua kijiti kwenye mti mgonjwa umeupanda ugonjwa uani kwako. Unaonitisha zaidi ni ule wa matunda kubaki kijani, unaosababishwa na bakteria wanaoziba mishipa ya kusafirisha chakula mtini. Afrika Kusini waliufahamu tangu miaka ya 1920. Kwa muda mrefu sisi wa mabonde na pwani tulikuwa na nafuu, kwa kuwa aina ile ya Kiafrika na mdudu anayeibeba hupenda baridi ya milimani. Katika miaka ya 2010 mdudu wa kutoka Asia, anayebeba aina inayostahimili joto, aliripotiwa Tanzania na Kenya. Nafuu ya joto imekwisha.

Utaujuaje? Chukua jani lililokomaa ulitazame kwenye mwanga. Jani lenye upungufu wa zinki lina umanjano uliopangika: upande wa kushoto wa mshipa wa kati unafanana na wa kulia. Jani la mti mgonjwa lina mabaka yasiyolingana, kushoto pana umanjano mkubwa na kulia mdogo, kana kwamba rangi ilimwagikia bila mpango. Matunda huwa madogo, yamepinda upande, na mengine yanaanza kuiva kwenye kikonyo huku kitako kikibaki kijani. Kisha kagua machipukizi machanga. Mdudu wa Asia ana urefu wa milimita tatu hadi nne, rangi ya kahawia yenye madoa, na ukimwona akifyonza utamtambua kwa mkao wake: kichwa chini, makalio juu. Ukikuta dalili hizi, usikate. Ugonjwa huu hauna tiba, na mwambie jirani amwite afisa ugani auangalie mti wake.

Ikiwa mti ni mzima, kata asubuhi na mapema, tawi likiwa limejaa maji ya usiku. Tafuta ukuaji wa karibuni uliokwisha kukomaa. Tawi changa la mndimu lina pembe ukilizungusha kati ya vidole. Likikomaa linaanza kuwa la mviringo lakini bado ni la kijani. Hapo ndipo penyewe. Likiwa laini linalopinda kama uzi litaoza, likiwa la kijivu na gumu litachelewa mno. Unene uwe kama wa penseli au pungufu kidogo, urefu sentimita 10 hadi 15. Usichukue tawi lenye maua au vitunda, na zile fimbo nene zinazopaa wima kutoka katikati ya mti ziache.

Kisu au mkasi uufute kwa spiriti kabla ya kuanza. Ukikata, vijiti viingie mara moja kwenye kitambaa kibichi na mfuko, na mfuko ukae kivulini. Vijiti vilivyoachwa juani kwa nusu saa vikinyauka havirudi vizuri, hata ukivitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Ukifika nyumbani, kata tena kitako chini kidogo ya fundo la jani, ondoa majani ya nusu ya chini, acha mawili au matatu ya juu, na yakiwa makubwa yapunguze kila moja nusu. Halafu kwangua gome jembamba upande mmoja wa kitako, kiasi cha sentimita moja au mbili, mpaka uone weupe. Kwenye kidonda hicho ndipo mizizi hupenda kuanzia.

Duka la pembejeo likiwa na unga wa homoni ya mizizi, chovya kitako, kung'uta, panda. Unasaidia, na kwa mchungwa unasaidia zaidi. Lakini mndimu na mlimao hutoa mizizi hata bila unga huo, kwa hiyo usikwame kwa kuukosa. Asali inayosifiwa mitandaoni haina homoni ya mizizi. Iache jikoni.

Samadi nayo itoe kabisa kwenye hatua hii. Kijiti kina kidonda wazi na hakina mzizi wa kula mbolea. Samadi inachokuletea ni kuoza. Tumia mchanga wa mto uliouosha mpaka maji yanatoka safi, changanya nusu kwa nusu na pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi, au vumbi la makumbi ya nazi lililolowekwa na kusuuzwa mara kadhaa ili chumvi itoke. Mchanga wa baharini usiuguse. Mchanganyiko mzuri ukiufinya mkononi unashikana kidogo bila kuchuruzika maji, na ukiulegeza unasambaratika.

Kwa chombo, chupa ya maji ya lita moja na nusu inafaa sana. Ikate katikati, toboa matundu kitakoni, jaza mchanganyiko, toboa njia kwa kijiti kikavu, ingiza kipandikizi mpaka theluthi au nusu ya urefu wake, bana udongo kwa vidole, mwagilia mara moja vizuri. Kisha rudisha nusu ya juu ya chupa kama kifuniko. Ukitaka vingi pamoja, tumia beseni na uvike nailoni nyeupe juu ya fito, mradi majani yasigusane na nailoni. Kifuniko kinafanya hewa ya ndani iwe na unyevu, na jani lililo kwenye hewa yenye unyevu hupoteza maji kidogo sana. Ndani ya kuta za chupa utaona matone. Yakiwepo, usimwagilie. Hiyo ya kumwagilia kila siku imeua vijiti vingi kuliko kiangazi.

Mahali pa kuweka ni kivuli chenye mwanga mwingi: barazani, au chini ya mti wa kivuli chepesi. Jua likipiga moja kwa moja kwenye chupa iliyofungwa, ndani panakuwa jiko na kila kitu kinaiva kwa siku moja. Joto la udongo linalofaa ni kama nyuzi 24 hadi 27, na Dar mnalo bila gharama karibu mwaka mzima. Msomaji wa Lushoto, Njombe au Nairobi asubiri baridi ya Juni na Julai ipite.

Baada ya hapo ni kusubiri, na hapa ndipo wengi wanaharibu kwa kuvuta kijiti waone kama kimeshika. Mizizi michanga ya mndimu ni minene, myeupe na hukatika kirahisi sana. Usivute. Uzuri wa chupa ni kwamba mizizi ikifika ukutani utaiona bila kugusa kitu. Mndimu na mlimao huchukua wiki nne hadi nane. Mchungwa miezi miwili hadi mitatu, na hata hapo vingi havitashika. Panda kwa hiyo vijiti kumi ukihitaji miti miwili. Chipukizi likitoka juu, usilihesabu. Kilichooza kitoe haraka kisiambukize vingine.

Ukiiona mizizi, usifungue kifuniko siku moja ukafurahi. Majani yaliyolelewa kwenye unyevu yatanyauka. Legeza kizibo cha chupa kwanza, kesho yake inua kifuniko jioni kwa muda wa saa moja, ongeza muda kidogo kidogo kwa wiki moja au siku kumi. Ndipo uhamishie kwenye kiriba cha lita mbili tatu chenye udongo mzuri sehemu tatu na samadi iliyooza kabisa sehemu moja. Sasa samadi ina kazi.

Kwa kuwa umepanga, mimi ningekushauri uufuge mndimu wako kwenye chombo moja kwa moja, ili ukihama uhame nao. Mwaka wa kwanza ndoo ya lita 20 yenye matundu mengi inatosha, baadaye nusu pipa au chombo cha lita 50 hivi. Maua ya mwaka wa kwanza yatoe, yanachosha mche. Jamii hii ni walaji wazuri: wape samadi iliyooza au mbolea yenye naitrojeni kidogo kidogo kila baada ya wiki kadhaa mti unapokua, kuliko kumwaga nyingi kwa mpigo. Majivu ya jikoni usiyaweke. Yanapunguza asidi ya udongo, na udongo wa pwani wenye mawe ya matumbawe tayari unakosa asidi. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, maana chuma kipo lakini mizizi haiwezi kukipata.

Kwenu Dar kuna jambo jingine: maji ya kisima. Visima vingi vya jijini vina chumvi, na jamii ya michungwa ni dhaifu mno mbele ya chumvi. Ukiona ncha na kingo za majani zinaungua kahawia halafu majani yanadondoka, onja maji yako kabla hujalaumu ugonjwa. Kinga maji ya mvua, tumia ya bomba inapowezekana, na kila baada ya muda mwagilia kwa wingi mpaka maji yatiririke chini, yabebe chumvi iliyojikusanya.

Wadudu utawaona mapema. Kiwavi mchanga wa kipepeo wa michungwa amekaa juu ya jani akifanana kabisa na kinyesi cha ndege. Akikua anakuwa wa kijani na anaweza kumaliza mche mdogo kwa siku chache. Mtoe kwa mkono. Vidukari wapulizie maji ya sabuni jioni. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, kuna wadudu wanaotoa utamu huko juu, wafuate.

Ikiwa ungetaka njia ya uhakika zaidi ya kijiti kwa ndimu hizo, muombe jirani tawi moja ulifunge udongo likiwa bado mtini. Chagua tawi lenye unene wa kidole, ondoa gome kama pete ya sentimita mbili hadi tatu, kwangua ule ute unaoteleza juu ya mti mpaka pawe pakavu, kwa sababu ukiuacha gome litaungana tena na hutapata mzizi. Vika makumbi ya nazi mabichi yaliyokamuliwa, zungushia nailoni angavu, funga juu na chini kama pipi. Tawi linaendelea kulishwa na mama yake huku likitoa mizizi, hivyo hakuna ile hatari ya kunyauka. Ndani ya miezi miwili hivi utaona mizizi ikizunguka ndani ya nailoni. Kata chini ya fundo, panda kwenye kiriba, weka kivulini. Huko Florida ndimu hizi zilizalishwa kwa njia hii kibiashara kwa miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba tawi moja linakupa mche mmoja.

Sasa mchungwa. Hapa nitakuwa mkweli: unaweza kutoa mizizi kwenye kijiti cha mchungwa, na kwenye chombo ukauona ukizaa, lakini kama nia ni kuupanda ardhini uishi miaka mingi, mimi nakushauri mche uliobebeshwa. Sababu iko chini ya ardhi. Mchungwa mtamu ukisimama kwa mizizi yake mwenyewe hushambuliwa kirahisi na vimelea vya faitofthora, vinavyoozesha mizizi na kulitoa shina gundi karibu na ardhi, hasa kwenye udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji. Katika karne ya 19 ugonjwa huo uliteketeza bustani za visiwa vya Azores, na wakulima wakahamia kubebesha michungwa kwenye mashina ya mdanzi, yaani mchungwa mchungu. Halafu mdanzi nao ukapata adui wake: virusi vya tristeza, vinavyoenezwa na vidukari, viliua mamilioni ya michungwa iliyobebeshwa kwenye midanzi Argentina na Brazil katika miaka ya 1930 na 1940. Ndiyo maana Muheza, kwenye machungwa yetu, utakuta wenye vitalu wanabebesha kwenye mlimao wa kienyeji, ule wenye ganda la makunyanzi. Unavumilia tristeza, unashuka chini kwenye mchanga, unastahimili ukame. Faitofthora haujaishinda, ndiyo maana hata mche huo hupandwa kwenye tuta, na sehemu uliyobebeshewa isifukiwe kamwe.

Kijiti kina ubora mmoja ambao mche uliobebeshwa hauna. Bila shaka umesikia mtu akisema mchungwa wake "umegeuka limao". Haukugeuka: machipukizi ya shina la chini yalitoka chini ya alama ya kubebeshea, hakuna aliyeyaondoa, yakaufunika mchungwa ukafa kimya. Mti wa kijiti ni aina moja kutoka mzizi hadi ncha. Hata mbuzi akiula wote, kinachochipua ni kilekile. Kwa chombo cha barazani kwenye nyumba yenye shughuli nyingi, hilo ni jambo la maana.

Kwa hiyo kwa jirani yako chukua vijiti kumi vya mndimu na ufunge tawi moja. Vya mchungwa chukua vichache vya kujifunzia ukipenda, ila mche wa mchungwa wa kupanda siku ukipata kiwanja chako ununue kwenye kitalu kinachojulikana, na kabla ya kulipa mwambie muuzaji akuonyeshe mahali ulipobebeshewa: utaona kovu au mabadiliko ya gome kwenye shina, sentimita 20 au zaidi juu ya udongo wa kiriba. Asipoweza kukuonyesha, huo ni mche wa mbegu, ama ule ambao jicho lilikufa likabaki limao. Vijiti vya mndimu vikate masika yakianza, hewa ikiwa na unyevu, na kama matawi yako kwenye ukuaji mpya laini, subiri wiki chache yakomae kwanza.